Kufufua minibaiki za zamani: injini kwanza, rangi ingoje (uzi maalumu)

gurudumu_dogo (mwanzisha uzi)

Heshima kwenu wakuu.

Mtu akipata minibaiki ya miaka ya 1960 au 1970, swali lake la kwanza huwa ni rangi. Nipige nyekundu au buluu? Niivue kwa msasa au kwa dawa? Muda si mrefu fremu iko uchi, bolti zote zimechanganyika kwenye ndoo moja, na hakuna ajuaye kama injini ilikuwa inawaka. Miradi mingi hufia hapo. Nafungua uzi huu kutetea mpangilio mwingine: kwanza iwake, pili isimame ukikamata breki, tatu itembee, sura ije mwisho. Na zamu ya sura ikifika, mara nyingi rangi iliyotoka nayo kiwandani, hata ikiwa imechubuka, ndiyo ya kubaki nayo.

Kwa wageni wa mambo haya: minibaiki ni pikipiki ndogo sana, tairi zake za inchi chache, ya mtu mmoja, na nyingi hazikuundwa kwa ajili ya barabara kuu. Chimbuko lake si moja. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza waliunda Welbike, kipikipiki cha kukunjwa chenye injini ya Villiers ya cc 98, ili kienee ndani ya kontena la kudondoshwa kwa parachuti. Mwaka 1961 Honda wakaunda Z100 ya cc 49 kwa ajili ya bustani ya burudani ya Tama Tech, Tokyo, na humo ndimo ulimotoka ukoo wa Monkey: Z50M ya 1967 yenye magurudumu ya inchi 5, kisha Z50A ya magurudumu ya inchi 8 iliyopelekwa Marekani.

Marekani kwenyewe walikuwa na mtindo wao. Mabomba ya chuma yamechomelewa, magurudumu madogo, na juu yake injini ya kazi iliyokusudiwa mashine ya kukata nyasi au pampu ya maji. Injini ni Briggs & Stratton ya Milwaukee au Tecumseh, mara nyingi ya nguvu farasi 3 hadi 5. Waliounda fremu ni wengi mno, lakini majina yanayotafutwa sana hadi leo ni Rupp wa Mansfield, Ohio, Bonanza wa San Jose, California, na Taco zilizotoka kwa Steen's wa Alhambra. Mickey Rupp, mwanzilishi wa Rupp, mwenyewe alikuwa dereva wa mashindano. Mwaka 1965 alimaliza wa sita kwenye mbio za magari za Indianapolis 500.

Sasa kazi. Kabla hujagusa nati yoyote, piga picha. Piga hadi uone umezidisha. Kebo ya breki inapita upande gani wa shingo? Springi ya gavana (kidhibiti cha mwendo wa injini) imeingia tundu la ngapi? (Kile kibati kina matundu kadhaa, na kila tundu lina mwendo wake.) Ile washa (ringi bapa) nene iko ndani au nje ya sproketi? Kila sehemu unayofungua iwe na mfuko wake na karatasi yenye maelezo.

Kisha soma namba. Briggs waligonga namba zao kwenye bati la kifuniko cha flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na kranki), na namba hizo zinaongea. Tarakimu za mwanzo za modeli ni ujazo wa silinda kwa inchi za ujazo: 80202 ni inchi 8, 130202 ni inchi 13. Kwenye namba ya msimbo (Code), tarakimu mbili za kwanza ni mwaka, mbili zinazofuata ni mwezi, mbili tena ni siku. Ukiona 690512 na vinavyofuata, injini hiyo imeundwa tarehe 12 Mei 1969. Angalizo ni kwamba namba iko kwenye bati, haiko kwenye bloku. Bati likibadilishwa na la injini nyingine, unasoma historia ya injini isiyo yako. Linganisha tarehe hiyo na umri wa fremu.

Baada ya hapo, oili. Injini nyingi kati ya hizi za Briggs hazina pampu ya oili. Chini ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) kuna kijiko kinachochota oili na kuirusha huku na huku. Oili ikishuka, kijiko kinapiga hewa, konrodi inang'ang'ania kranki, inakatika, na wakati mwingine inatoboa bloku. Kwa hiyo mwaga yote iliyomo hata kama inaonekana safi, weka mpya ya SAE 30, pima ukiwa umesimamisha chombo sawasawa. Usivute kamba ya kuwashia hata mara moja kabla ya hapo.

Kompresheni usiipime kwa geji ukaikatia tamaa. Kemshafti (shafti inayofungua valvu) za Briggs nyingi huachia upepo kidogo wakati wa kuwasha ili kamba iwe nyepesi, hivyo geji itasoma chini hata injini ikiwa nzima. Toa kifuniko cha kamba, ondoa waya wa plagi, plagi yenyewe iache imefungwa, kisha zungusha flaiwili kwa mkono kinyume na mzunguko wake wa kawaida. Ikigonga upepo na kurudishwa kwa kasi, silinda iko vizuri. Ikipita kivivu, valvu au ringi zina neno.

Karibuni tuchangie.

---

mtu_wa_spana

Shukrani mkuu, uzi umekuja wakati wake. Mimi nimepewa moja yenye Briggs ya farasi 3. Tatizo flaiwili haizunguki kabisa, imejam kama imechomelewa. Nimeambiwa niondoe hedi, niweke kipande cha mbao juu ya pistoni nigonge na nyundo nzito. Ni sawa?

---

gurudumu_dogo

Hapana mkuu, weka nyundo chini kwanza. Pistoni ni aluminiamu na konrodi ni aluminiamu. Vyote viwili vitaumia kabla kutu haijaachia.

Ila kuondoa hedi ni wazo zuri. Hizi ni injini za valvu za ubavuni, kwa hiyo hedi ni kifuniko tu, hakina valvu wala kemshafti. Andika kila bolti imetoka wapi, kwa sababu kuna ndefu na fupi. Bolti ndefu ikiingia tundu la fupi itagota chini kabla haijabana, ukadhani imekaza kumbe gasketi iko wazi.

Hedi ikitoka, tazama kwa tochi. Kitu ambacho wengi hawakitarajii: mara nyingi pistoni haina kosa. Kilichonata ni valvu, hasa ya ekzosi, maana maji huingia kupitia ekzosi iliyoachwa wazi. Valvu ikiwa imenata juu, itilie oili ya kupenya kuzunguka shina lake, igongegonge kidogo, iache, irudie.

Kama ni pistoni, safisha ukuta wa silinda unaouona kwa pamba ya chuma laini yenye oili hadi mstari wa kutu uishe, kwa sababu mstari huo ndio ukuta unaoizuia. Mimina oili ya kupenya, ifunike, iache ilale. Wengine wanachanganya oili ya giaboksi otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, nayo inafanya kazi. Halafu shika flaiwili kwa mikono miwili uisukume mbele na nyuma kidogo kidogo. Usilazimishe upande mmoja. Ikiachia hata upana wa unywele, umeshinda, kilichobaki ni subira.

Ikishaachia pitisha ukucha kwenye silinda toka chini kwenda juu. Alama usiyoisikia kwa ukucha, injini itaishi nayo. Ukucha ukinasa, panga kushusha injini yote.

---

kabureta_safi

Wakuu niongezee kwenye moto wa plagi, maana ndiyo sehemu inayowakatisha watu tamaa kuliko zote, na ndiyo ninayoipenda.

Kwenye Briggs za wakati ule pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe moto) zimejificha chini ya flaiwili. Huzioni, huzifikii, basi mtu anabadilisha plagi, anabadilisha waya, mwisho ananunua koili nzima. Koili ndiyo huwa nzima! Kinachokosekana ni chuma safi kugusana na chuma safi. Baada ya miaka mingi ya kulala pointi huota utando wa kijivu usioonekana vizuri kwa macho, na utando huo unatosha kuzuia umeme.

Kutoa flaiwili: usiibane kwa bisibisi toka nyuma. Mapezi yake yanavunjika kirahisi na likivunjika moja flaiwili inapoteza mizani. Flaiwili za Briggs zimeachiwa matundu mawili ya kuingizia pula yake, tumia hayo. Ili kranki isizunguke unapofungua nati, ingiza kamba safi ya nailoni kupitia tundu la plagi hadi ijae juu ya pistoni. Pistoni itabanwa na kamba na hakuna kitakachoumia. Acha ncha ya kamba nje ili uivute ikitoka.

Sasa uko ndani. Kwenye Briggs kondensa si kipande cha pembeni, kichwa chake ndicho pointi moja, na ile nyingine iko kwenye kijimkono kinachosukumwa na kijiti kidogo kinachotokea ndani ya bloku. Safisha kwa msasa laini sana, kisha pitisha karatasi nyeupe yenye kisafishio kati ya pointi hadi itoke nyeupe. Hatua hii ya karatasi usiiruke. Uwazi ni inchi 0.020, yaani milimita 0.5, zikiwa zimefunguka hadi mwisho. Unaupata kwa kusogeza kondensa mbele au nyuma kwenye kibanio chake.

Tazama kama pana oili humo. Pakiwa na oili, tundu la kile kijiti limelika na oili inapanda nalo. Utasafisha leo, na baada ya muda itazima tena. Wakati huo ama uweke bushi kwenye tundu, ama uweke koili ya kielektroniki ya Magnetron ambayo Briggs walianza kuitumia miaka ya 1980, na injini nyingi za aina hii zinaikubali. Pointi za zamani ziache kwenye mfuko pamoja na chombo, siku moja kuna mtu atazitaka.

Kabla hujarudisha flaiwili chunguza ile kii yake. Ni kipande kidogo cha madini laini, kimewekwa laini kwa makusudi ili kikatike kabla kranki haijapinda. Itoe, iweke kwenye mwanga, tazama ubavu wake. Ikiwa na ngazi hata ndogo, flaiwili imehama na majira ya moto yamehama nayo. Injini kama hiyo inapiga teke kwenye kamba, inapasuka sauti kwenye kabureta, na watu wanahangaika na jeti bure. Weka kii mpya ya aina ile ile. Kamwe usichonge ya chuma kigumu.

Mwisho ni uwazi kati ya koili na sumaku ya flaiwili. Kadi ya kawaida ya karatasi ngumu inakaribia kipimo: iweke katikati, legeza skrubu za koili, sumaku itaivuta, kaza, vuta kadi. Kwa wenye fila (vibati vya kupimia uwazi), kipimo kinategemea modeli; kwa baadhi ni milimita 0.25 hadi 0.35.

---

mtu_wa_spana

Aisee. Mkuu kabureta_safi ni hiyo kii kabisa. Pistoni iliachia tangu juzi, moto ulikuwepo ila ilikuwa inanipiga mkono kila nikivuta kamba. Kii ina ngazi ubavuni kama ulivyosema. Naagiza mpya.

Swali lingine: nimeona watu wanaondoa gavana ili ikimbie zaidi. Kwenye hii ya farasi 3 inafaa?

---

gurudumu_dogo

Hapa niwe mkali kidogo, naomba mnivumilie.

Injini hizi ziliundwa zizunguke kama mara 3600 kwa dakika. Gavana ndiye anayeshikilia mpaka huo. Ukimtoa, injini nyepesi isiyo na mzigo inaweza kupanda mbali sana juu ya hapo, na vitu viwili havikuundwa kwa mwendo huo: konrodi na flaiwili. Konrodi ikikatika umepoteza injini. Flaiwili ya kuyeyushwa ikipasuka, vipande vinatoka na kifuniko cha bati hakivizuii, na wewe umekaa juu yake, miguu huku na huku. Wanaoshindana huweka flaiwili na konrodi zilizochongwa kutoka kwenye pande zima la chuma au aluminiamu kabla hawajagusa gavana. Na ukishaweka hivyo vyote, injini yako si ya 1969 tena. Chombo cha zamani kiache kiende mwendo wake. Kwenye minibaiki, karibu kabisa na ardhi, mwendo huo unatosha.

Nikiwa kwenye usalama, magurudumu. Rimu nyingi za minibaiki ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa bolti, na tairi iko katikati. Usifungue hata bolti moja kabla hujatoa upepo wote. Ondoa kabisa kijiti cha ndani cha valvu ya tyubu, bonyeza tairi uhakikishe ni laini, ndipo ushike spana. Tairi yenye upepo itarusha nusu ya rimu usoni kwako mara bolti ya mwisho ikilegea. Na tatizo ni kwamba bolti za rimu ziko karibu sana na zile za sproketi, ni rahisi kuzichanganya.

Breki nazo. Zile za bei nafuu zilikuwa na kibati tu kinachokandamiza tairi ya nyuma. Kwenye unyevu hakikamati. Nakiacha mahali pake kwa sababu ni sehemu ya historia ya chombo, lakini chombo hicho nakiendesha mahali pakavu, tambarare na wazi tu. Zenye bendi au dramu ni bora zaidi. Lakini vumbi la bendi za miaka ile usilipulize kwa upepo, huenda lina asbesto. Futa kwa kitambaa kilicholowa, kitambaa kifungwe kwenye mfuko na kitupwe.

---

nusu_karne

Naona mnaongelea Briggs tu, sisi wa Honda tumesahaulika.

Nina Z50A. Ni dunia nyingine kabisa: kemshafti iko juu, gia tatu, klachi inajishika yenyewe hivyo mkono wa kushoto hauna kazi ya klachi. Silinda milimita 39 kwa 41.4. Ni injini ndogo iliyoundwa kwa heshima ile ile ya injini kubwa, na ukiifungua unaona. Kila uso unaokutana na mwenzake umechongwa safi.

Mambo ninayowaambia wanaoanza nayo. Uwazi wa valvu milimita 0.05 injini ikiwa baridi, yaani ikiwa imelala usiku kucha. Hakuna chujio la oili la karatasi. Kuna wavu chini na kikombe kinachozunguka pamoja na klachi ambacho hukusanya uchafu kwa nguvu ya mzunguko. Kikombe hicho hakijafunguliwa kwenye pikipiki nyingi tangu zizaliwe. Kifungue, utakuta tope gumu la kijivu limeganda ukutani. Baada ya hapo oili badilisha mapema na mara kwa mara, haiingii hata lita moja.

Mfumo wa umeme ni wa volti 6. Taa ikififia watu wanakimbilia kubadilisha kuwa volti 12. Kabla ya hapo, safisha sehemu waya wa ethi unapogusana na fremu. Volti 6 haisamehi kutu kwenye maungio.

Kuna pia jambo la injini za kuigwa. Mpangilio wa injini hii umenakiliwa sana, na injini mpya kabisa inaingia kwenye fremu ya zamani bila shida. Mimi sina ugomvi na mwenye kuiweka, ila nasema: injini yenye namba zake usiuze, usitupe. Ipake oili, ifunge, iweke kavu. Fremu na injini vikitengana, kuvikutanisha tena ni kazi isiyoisha.

---

gurudumu_dogo

Mkuu nusu_karne umenena. Hiyo ya ethi niliisubiri.

Niende kwenye tangi na kutu kabla hatujafika kwenye rangi.

Petroli ya siku hizi katika sehemu nyingi ina ethanoli ndani yake. Ethanoli inavuta maji, na mipira ya miaka ya 1960 haikuundwa kwa ajili yake. Kwa hiyo mpira wa mafuta, sili na diaframu ya kabureta vyote vibadilishwe hata vikionekana vizima. Kati ya zile kabureta za Briggs zinazokaa moja kwa moja juu ya tangi, Vacu-Jet na Pulsa-Jet, kwenye Pulsa-Jet diaframu ndiyo roho yake. Ikikakamaa, injini inawaka kwa sekunde chache na kuzima, ukiongeza mafuta ni hivyo hivyo. Na uso wa tangi kabureta inapokalia uwe tambarare kabisa. Ukipinda hata kidogo utavuta hewa.

Kutu ndani ya tangi: siki nyeupe au asidi ya sitriki, iache kazini, tikisa na kipande cha cheni ndani, suuza, kisha maji yenye baikabonati ya soda ili kuua asidi, kausha haraka, na hapo hapo tia petroli kidogo yenye oili. Tangi lililosafishwa na kuachwa wazi hupata kutu mpya muda huo huo. Simshauri mtu kuanza na dawa za kupaka ndani ya tangi. Zikibanduka zinaziba kabureta, na kuzitoa ni kazi ngumu kuliko kutu.

Vipande vya chuma tupu unaweza kuvisafisha kwa umeme ndani ya maji yenye soda ya kufulia. Mambo matatu: tumia chuma cha kawaida kama kipande cha kujitoa mhanga, usitumie chuma kisichoshika kutu kwa sababu kinatoa sumu ya kromiamu, fanya mahali penye hewa maana gesi ya haidrojeni inatoka, na aluminiamu usiiingize humo, italiwa. Kroma yenye madoa ya kutu isugue kwa karatasi ya aluminiamu iliyolowa maji. Utashangaa inavyorudi.

---

spoku_kumi

Mkuu naheshimu hoja yako ya rangi lakini sikubaliani nayo yote. Yangu imepakwa kwa brashi na wenye nayo wa zamani, safu juu ya safu, nyeusi, kijani, fedha. Hiyo nayo niitunze? Mimi naona kuivua na kupiga pauda mpya (rangi ya unga inayookwa) ni kuiheshimu. Chombo kilitoka kiwandani kinang'aa, hakikutoka na makovu.

---

gurudumu_dogo

Hoja nzito, na kwa chombo kama chako nakubali nusu.

Rangi ya brashi haina deni lolote kwako. Lakini usianze na mashine ya kupuliza mchanga. Chini ya hizo safu huenda ya kiwandani bado ipo. Tafuta mahali ambapo brashi haikufika: chini ya kiti, ndani ya kibanio cha injini, nyuma ya sproketi. Hapo utaijua rangi halisi, na stika kama zipo. Kisha jaribu mahali padogo kwa kiyeyusha rangi kisicho kikali na kitambaa laini. Rangi ya brashi mara nyingi haikushikana vizuri na ya chini kwa sababu hakuna aliyeipiga msasa. Inaweza kubanduka ikaacha ya kiwandani ikiwa nzima. Ni kazi ya polepole, ya kipande kimoja kimoja. Kusugua kavu usifanye, rangi za enzi zile zinaweza kuwa na risasi. Sugua ikiwa imelowa, vaa barakoa.

Ukikuta hakuna kitu chini, piga mpya bila huzuni. Hapo nina ombi moja tu kuhusu pauda. Ni ngumu na inadumu, lakini ni nene. Inajaza namba zilizogongwa kwenye fremu, inafunika mishono ya kuchomelea ambayo ndiyo sahihi ya kiwanda, na ikiingia kwenye vikombe vya beringi za shingo, beringi hazikai. Ziba nyuzi zote na vikombe vyote. Na kabla ya hapo kagua ufa, hasa shingoni na pale vibanio vya injini vinaposhikana na bomba, kwa sababu mtetemo hula hapo. Mwambie anayechomelea aondoe kwanza kroma au zinki eneo hilo, moshi wake ni hatari. Sehemu iliyosafishwa kwa kisafishio cha breki chenye klorini isichomelewe kabisa, joto likikutana nacho linazalisha gesi inayoua.

Kuhusu makovu hatutaafikiana na si lazima. Mimi nikiona mpini wa mpira umelika upande mmoja tu, najua aliyekuwa anauendesha alikuwa anakata kona upande gani. Pauda haiwezi kunirudishia hilo.

---

spoku_kumi

Nimekuelewa mkuu. Nimechungulia chini ya kiti: kuna rangi ya dhahabu yenye chembechembe. Nitaanza na kitambaa.

---

mtu_wa_spana

Wakuu imewaka! Kii mpya, pointi safi, diaframu mpya. Inanguruma vizuri kabisa.

Maswali mawili ya mwisho. Kwanza, isipotumika muda mrefu niitunze vipi? Pili, klachi inashika hata sijavuta mafuta, chombo kinataka kuondoka chenyewe. Nikiweka mguu chini kinasukuma.

---

gurudumu_dogo

Hongera sana mkuu, umenifurahisha.

La kwanza: kinachoua vyombo hivi ni kukaa, safari haziviui. Ukijua hutaitumia kwa muda, mwaga petroli yote, washa iishe iliyobaki kwenye kabureta hadi izime yenyewe. Badilisha oili kabla ya kuilaza, kwa sababu oili iliyotumika ina asidi. Tia matone ya oili kupitia tundu la plagi, vuta kamba taratibu, kisha simama pale unaposikia upepo umebana. Hapo valvu zote mbili zimefunga na unyevu hauna mlango. Ziba ekzosi kwa kitambaa chenye oili na funga karatasi kwenye mpini ikikumbusha kitambaa kipo. Inua magurudumu yasiguse chini. Cheni isugue na uipake oili.

La pili: anza na kilicho rahisi. Klachi hizi zina viatu vinavyofunguka kwa nguvu ya mzunguko, nyingi huanza kushika injini ikikaribia mara 2000 kwa dakika. Injini yako ikinguruma juu sana bila kuvuta mafuta, klachi haina kosa, inafanya kazi yake. Punguza skrubu ya mwendo wa chini kwanza.

Ikiwa mwendo uko chini na bado inashika, zima injini, toa cheni, zungusha dramu ya klachi kwa mkono. Inatakiwa izunguke huru. Ikisita, bushi yake ya shaba imekauka. Tone moja au mawili ya oili nyepesi kwenye bushi, yasifike kwenye viatu, kisha zungusha hadi iwe laini. Fanya hivyo kila baada ya safari chache. Ikiwa ni huru na bado inashika, springi za viatu zimechoka.

Na ukigundua inateleza na kunuka kuungua ukipanda mlima, tazama meno: uwiano wa 6 kwa 1, mfano 12 mbele na 72 nyuma, unaipa klachi nafuu. Ukitaka mwendo zaidi kwa kuongeza meno ya mbele, klachi ndiyo italipa.

Ukiamua kununua mpya, pima kwanza shafti ya kranki. Nyingi za ukubwa huu ni inchi 5/8 au 3/4, na kwa macho zinafanana. Pima pia hatua ya cheni, pini hadi pini: namba 35 ni inchi 3/8, namba 41 na 420 ni inchi 1/2. Leta vipimo hapa kabla hujaagiza, tutavipitia pamoja.